Virusi havionekani, niache dawa?

SWALI: Dokta shkamoo, mi nauza dagaa hapa Kirumba Mwanza, nina homa ya ini B, tenofovir nameza mwaka wa 2 sasa na juzi wamesema virusi havionekani kwenye damu, jirani yangu mwenye C kamaliza dozi miezi 3 tu kaambiwa kapona, na mimi si niache?

JIBU: Marahaba. Usiache aisee! C inatibika kabisa, zaidi ya 95% wanapona, ila B dawa inavizuia tu visizaliane, mbegu yake inabaki imejificha ndani ya seli za ini, ukikata kienyeji vinaweza kurudi kwa fujo ini likaharibika. Faida unaipata, makovu ya ini yanaweza kupungua na hatari ya saratani inashuka, ingawa haiishi. Na kwa kuwa B inaambukiza, mwenzako nyumbani kapimwa? Chanjo ya B ipo.