Muulize Mzee wa Santuri: Chumba cha bluu cha Jaroslav Ježek

SWALI: Shikamoo Mzee. Nina miaka 17 na macho yangu ni hafifu tangu utotoni, kwa hiyo najifunza kinanda kwa kusikiliza. Juzi redioni walipiga "Bugatti Step". Mtangazaji akasema aliyeitunga alikuwa karibu kipofu na alifia ugenini. Ni kweli? Na mbona jazi yake haifanani na ya bendi zetu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni kweli tupu. Jaroslav Ježek alizaliwa Žižkov, mtaa wa Prague, mji mkuu wa Ucheki ya leo, mwaka 1906. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulimharibia macho angali mdogo, kisha homa nyekundu ikampunguzia usikivu. Alisoma shule ya wasioona, na bado chuo cha muziki cha Prague kikampokea.

Kwetu "Jazz" lilikuwa jina la bendi ya dansi, magitaa mbele na tarumbeta nyuma. Yake ni ile ya Marekani iliyovuka bahari kwenye santuri, nayo ikakaa juu ya kinanda. Katika "Bugatti Step" mkono wa kulia unakimbia kama gari la mashindano lililoipa jina. Wewe usianzie hapo. Shika kwanza mkono wa kushoto peke yake, taratibu, mpaka usiyumbe, maana ndio unaobeba mwendo. Mimi nilianza na wa kulia, nikapoteza mwaka mzima.

Nyumbani kwake, mtaa wa Kaprova, chumba chake kilikuwa cha bluu, na hadi leo kimehifadhiwa. Wenzake Jiří Voskovec na Jan Werich walimwandikia maneno ya wimbo "Tmavomodrý svět", yaani dunia ya bluu iliyokoza: dunia kama alivyoiona yeye. Hao wawili ndio walioandika na kuigiza michezo ya jumba la Osvobozené divadlo, naye akawatungia muziki tangu 1928. Waliwacheka mafashisti jukwaani, na watu wakajaa. Novemba 1938 jumba likafungiwa. Januari 1939 wote watatu wakaondoka kwenda Marekani. Machi, majeshi ya Hitler yakaingia Prague.

Uliposema "ugenini" umegusa penyewe. Macho hayakumzuia kutunga hata siku moja. Lakini muziki wake uliishi ndani ya mizaha ya Kicheki, na New York nani angecheka? Huko alifundisha piano na kuongoza kwaya ya wafanyakazi waliotoka Chekoslovakia, nchi yake. Jambo hili huniuma kila nikigeuza santuri yake. Figo zilimuua tarehe 1 Januari 1942, akiwa na miaka 35. Majivu yake yalirudishwa Prague mwaka 1947, yakawekwa makaburi ya Olšany.

Omba redio yenu wakupigie "Tmavomodrý svět". Ni ya polepole. Vidole vyako vitaiweza mwezi huu huu.