Mwanangu, kuvumilia na kung'ang'ania

Mwanangu, voisi yako niliisikiliza usiku nikairudia tena asubuhi. Magauni uliyoshona yamerudishwa na wateja, umeme unakatika kazi ikiwa mezani, mwenye fremu anataka kodi, halafu ukaniuliza mama nitajuaje kama navumilia au najidanganya tu. Swali zuri sana hilo mama, na sitaki nikujibu kwa "vumilia tu" kama watu wanavyosemaga.

Wewe umekula na kusoma kwa mwani, haya majani ya baharini ninayolima, kwahiyo ntakujibu kwa mwani. Biashara hii ilianza Unguja mwaka 1989 kwa mbegu za Ufilipino, baadae ikafika huku kwetu Tanga. Mwani wetu ni aina mbili, kotonii ndio ina bei, spinosamu bei yake chini lakini ngumu kufa. Sasa mawimbi yakikata kamba unafunga tena, vijiti vya kufungia kamba viking'oka unapigilia tena, hayo ni ya bahari tu wala hayana mjadala. Lakini kaskazi ikiingia maji yakapata moto kotonii inaanza kuwa nyeupe kwenye ncha, inakatika vipande, shamba zima linaondoka na maji, na mwaka unaofuata hivohivo. Pale ndo nilipoona tofauti ya kuvumilia na kung'ang'ania, maana wapo wenzetu walifunga mbegu ileile, palepale, kaskazi ileile, wakaja wakachoka wakasema mwani hauna maana. Waliobaki mpaka leo ni wale walioshika kazi wakabadilisha namna, wengine wakahamia spinosamu japo bei inauma, wengine wakasogea maji ya kina wakafunga kamba za kuelea, na huko unahitaji ngalawa na kujua kuogelea, mwanamke mtu mzima anajifunza kuogelea! Nawaheshimu sana wale.

Kwahiyo mama chukua yale magauni uyatandike uyaangalie. Yamerudi kwa kosa moja au kila moja na lake? Kama yote yamebana mabegani basi ni vipimo vyako, na hilo linafundishika, nenda kakae kwa fundi mkubwa hata wiki, usione aibu. Kama mteja analeta picha ya kwenye simu na kitambaa kisichovutika, mwambie kabla hujakata, sio baada. Umeme ni kitu kingine kabisa, kazi ya kukata na kutia ndoana za magauni kwa mkono fanya ukiwa umekatika, cherehani ikae kusubiri. Kodi tutaongea mimi na wewe.

Na kitu kingine ambacho naona unajinyima, kupumzika. Sisi mwani tunaingia bamvua, maji yakitoka mbali. Maji mafu, yasipotoka mbali, hatuingii, tunasuka makuti, tunakaa na watoto, tunalala mchana, na hakuna anaesema fulani kaacha kazi. Wewe unashona mpaka saa nane usiku halafu unalia kwamba mishono imepinda, mwanangu mkono uliochoka hauwezi kunyoosha mshono, mimi naumia nikikusikia hivo.

Ukinyoosha vipimo, ukakaa kwa fundi, na bado hadi Ramadhani wateja hawarudi, nambie tutafute kitu kingine na sitakuona umeshindwa. Lakini kuacha leo kwasababu ya wiki moja mbaya, hapo sikubaliani na wewe.

Nitumie picha za yale magauni leo, upande wa ndani pia niione mishono. Na yule wa gauni la harusi mpigie mwenyewe, usimtumie meseji.

Mamako, Tanga