Kuchagua wakili wa nyumba mtandaoni Uingereza: jibu kwa mleta uzi wa Reading

Mkuu, nimesoma uzi wako mpaka mwisho. Unanunua fleti ya kwanza Reading, dalali anakusukumia wakili "wake", na wewe mtandaoni umeona kampuni inayotangaza pauni 499. Unauliza uende na nani. Mimi nilinunua Coventry, baadaye nikauza nikahama, na mawakili wote wawili niliwapata mtandaoni. Mmoja ningemrudia kesho. Yule mwingine hata bure simtaki.

Dalali kwanza, maana huyo ni mwepesi. Analipwa na muuzaji, na mara nyingi akikupeleka kwa wakili fulani anakula kamisheni hapo pia. Anatakiwa akuambie, kwa hiyo muulize ni shilingi ngapi. Kukulazimisha hawezi. Wangu alidokeza kwamba ofa itakwenda haraka zaidi nikimtumia mtu wao. Nikamwomba aniandikie hayo kwenye imeili. Haikuja.

Sasa hiyo 499. Shuka mpaka chini ya kotesheni. Utakuta aina mbili za hela zimechanganywa: ada ya wakili mwenyewe, na malipo anayolipa kwa niaba yako, kama upekuzi wa kumbukumbu za nyumba (wa halmashauri, wa maji na wa mazingira), pamoja na ada ya Land Registry, yaani ofisi ya usajili wa ardhi. Haya ya pili hayapishani sana kati ya kampuni na kampuni, hivyo usiyatumie kulinganisha. Ugomvi uko kwenye ya kwanza. Juu yake kuna VAT ya asilimia 20, halafu vinyongeza: cha fleti ya leasehold (ya lizi, yaani unaimiliki kwa idadi maalumu ya miaka), cha kutuma hela benki, cha kujaza fomu ya ushuru wa stempu, cha kukagua kitambulisho, cha hela ya zawadi kutoka kwa ndugu, cha kutoa akiba ya Lifetime ISA (akaunti ya akiba ya kununulia nyumba ya kwanza inayoongezewa na serikali). Kwa uliyoeleza, karibu vyote vinakuhusu. Mwandikie kila mmoja maelezo yaleyale ya fleti yako na uombe jumla ya mwisho. Kampuni zilizo chini ya SRA, mamlaka inayosimamia mawakili aina ya solicitor, zinalazimika tangu Desemba 2018 kuweka bei za kazi hii wazi kwenye tovuti zao, kwa hiyo anayekuambia "tutajua mbele ya safari" mwache huko huko.

Kuhakiki hakuchukui hata muda wa chai. Anayejiita solicitor mtafute kwenye rejista ya SRA. Anayejiita licensed conveyancer, yaani mtaalamu mwenye leseni ya kazi hii ya nyumba tu, yuko kwa CLC, mamlaka yao. Wote wanaruhusiwa kufanya kazi hii, usidanganywe kwamba mmoja ni feki. Kisha uliza kama wamo kwenye orodha ya benki inayokukopesha. Wasipokuwemo, benki inaweza kuweka wakili wake na bili ikakurudia wewe.

Jambo ambalo sijaona mtu akikutajia kwenye uzi huu, na ndilo lililotutoa jasho sisi, ni hela imetoka wapi. Wakili wa huku hawezi kupokea malipo yako ya awali mpaka ajiridhishe na chanzo chake. Ni sheria ya utakatishaji fedha, siyo chuki. Na hela ya kwetu Afrika Mashariki inaangaliwa kwa darubini: Tanzania ilikuwa kwenye orodha ya kijivu (ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu) ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, kuanzia Oktoba 2022 hadi Juni 2025, Kenya ikaingia Februari 2024. Sehemu ya hela yangu ilikuwa ya upatu. Msichana wa ofisi ya wakili akafungua taarifa yangu ya benki, akauliza: huyu mwanamke unayemtumia pauni 300 kila mwezi ni nani, na mbona mwezi wa nne amekurudishia maelfu kwa mkupuo? Huyo alikuwa kijumbe wetu. Ikabidi niandike barua ya ukurasa mmoja: wanachama, zamu za kupokea, kiasi, na kijumbe naye atie saini. Pamoja na meseji za kundi la WhatsApp, ikapita. Ile hela ya kiwanja cha Kibaha ndiyo ilikuwa kazi. Mauziano yalikuwa ya Kiswahili, yana muhuri wa serikali ya mtaa, na mnunuzi alilipa sehemu kwa taslimu. Walitaka tafsiri rasmi na taarifa ya benki ya Dar inayoonyesha hela ikiingia. Zile za taslimu hatukuzitumia kabisa.

Kwa hiyo kabla hujalipa chochote, wapigie simu uulize: mmewahi kushughulika na malipo ya awali yaliyotoka Afrika Mashariki, na mnataka karatasi gani? Anayejibu kwa orodha ndiye wako. Anayesema "hiyo tutaiona baadaye" atakukwamisha wiki ya kubadilishana mikataba, muuzaji ameshanuna.

Swali jingine la simu: faili langu litashikwa na nani, na namba yake ya moja kwa moja ni ipi? Yule wangu mbaya alikuwa na tovuti nzuri ajabu, nyota tano kila mahali, lakini kila nikipiga napata mtu mpya anayeanza kunisimulia faili langu mwenyewe. Nyota hizo zisome kwa tarehe, na soma zaidi zile za watu waliokwisha kabidhiwa funguo. Wengi huombwa maoni mwanzoni, kabla mambo hayajachemka.

Na namba ya akaunti ya wakili ya kumtumia hela: ichukue mapema, kwa kuongea naye, ukipiga simu kwa namba uliyoipata kwenye rejista ya SRA au CLC. Ikija imeili siku ya mwisho kwamba akaunti imebadilika, huyo ni mwizi, hata kama nembo ni ileile. Piga simu kwanza.

Halafu hujasema fleti imebakiza miaka mingapi kwenye lizi. Ikiwa imekaribia 80 au iko chini ya hapo, usimlipe wakili yeyote kwanza; muulize dalali leo, maana kuongeza miaka chini ya 80 ni ghali na benki nyingi husita. Tupe namba hiyo hapa, tuendelee.