Utume wa vijana wa Kihaiti ughaibuni: yaliyoukuza na yanayoweza kuigwa

Kwa miaka kadhaa nimekuwa miongoni mwa walezi wa vijana katika parokia moja ya eneo la Boston ambako mojawapo ya Misa za Jumapili huadhimishwa kwa Kikrioli cha Haiti. Mimi ni Mtanzania niliyelelewa katika VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki wa kwetu, na niliingia huko kwa sababu jumuiya yetu ya Waswahili ilikuwa ndogo mno kuwa na kikundi chake cha vijana. Nikikutana na wazazi wa kwetu wanaoishi Marekani au Kanada, wakilalamika kwamba watoto wao huaga kanisa wakishapata kipaimara, huwashauri watazame kwanza namna Wahaiti walivyokuza utume wao, kwa kuwa wametutangulia katika jambo hili kwa miongo mingi.

Wahaiti walianza kuhamia New York na Montreal kwa wingi wakati wa utawala wa kidikteta wa akina Duvalier, baba na mwana, uliodumu tangu 1957 hadi 1986, na kuanzia miaka ya 1970 maelfu wengine walivuka bahari kwa mashua hadi Florida. Huko Miami, padre kijana mwenye asili ya Poland, Thomas Wenski, alijifunza Kikrioli na kuongoza kituo cha Wakatoliki Wahaiti katika mtaa wa Little Haiti. Mwaka 2010 akawa askofu mkuu wa jimbo la Miami. Brooklyn alikuwako Padre Guy Sansaricq, mzaliwa wa Jérémie nchini Haiti, aliyewahudumia watu wake kwa miongo mingi hadi mwaka 2006 alipofanywa askofu msaidizi, Mhaiti wa kwanza kuwa askofu nchini Marekani. Vituo vya namna hiyo vilijengwa kwa ajili ya watu wazima waliohitaji hati za ukaazi, masomo ya Kiingereza, kazi, na Misa katika lugha ya nyumbani. Vijana walikuja nyuma ya wazazi wao, na mahitaji yao hayakuwa yaleyale.

Jambo la kwanza ambalo mlezi anapaswa kulielewa ni kwamba “vijana wa Kihaiti” si kundi moja. Wapo waliozaliwa Marekani, ambao huelewa Kikrioli wakisemeshwa na bibi zao lakini hujibu kwa Kiingereza, na wapo waliofika juzi. Kati ya hao wa pili, wengine waliondoka Haiti baada ya tetemeko la Januari 12, 2010, wakaishi Brazili au Chile, kisha wakapanda kaskazini kupitia msitu wa Darién, mpakani mwa Kolombia na Panama, hadi Meksiko, kwa hiyo huzungumza Kihispania au Kireno vizuri kuliko Kiingereza. Ukiwaweka pamoja ukumbini bila kazi ya kufanya, watakaa pande mbili za chumba. Wa kwanza watawaona wenzao washamba, na wa pili watawaona wenyeji kuwa wenye kiburi. Kuwahubiria umoja hakusaidii. Mimi sijaona hotuba iliyomaliza utengano huo.

Kilichosaidia ni kuwapa kazi ambayo upande mmoja hauwezi kuimaliza bila mwingine. Tuchukue sikukuu ya Bikira Maria, Mama wa Msaada wa Daima, tarehe 27 Juni, ambaye ni msimamizi wa Haiti na ambaye Wahaiti humshukuru kwa kukoma kwa ugonjwa wa ndui mwaka 1882. Sikukuu hutanguliwa na novena, na novena ni siku tisa za kazi halisi. Vijana waliofika karibuni ndio wanaozijua nyimbo kwa moyo, ndio wapigaji ngoma, na ndio wanaojua sala inafuata nini. Waliozaliwa huku ndio wanaoweza kuzungumza na ofisi ya parokia, kuandika matangazo, kuomba kibali cha maandamano kutoka kwa polisi wa mji, na kusimamia vipaza sauti. Kufikia siku ya tano au ya sita, wameshazoeana kwa namna ambayo michezo ya kufahamiana haiwezi kuileta.

Vivyo hivyo kwa supu ya joumou, ambayo kila familia ya Kihaiti hunywa Januari 1 kuadhimisha uhuru wa mwaka 1804. Supu hiyo hupikwa kwa boga, nyama ya ng’ombe, kabichi, karoti na tambi, na husimuliwa kwamba watumwa waliipika kwa ajili ya mabwana zao huku wao wenyewe wakikatazwa kuionja. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kwa kuwa siku hiyo pia Kanisa huadhimisha sherehe ya Maria Mama wa Mungu, supu hunywewa ukumbini baada ya Misa. Ushauri wangu ni kwamba upishi usiachiwe akina mama peke yao. Waiteni vijana jikoni usiku wa kuamkia mwaka mpya, wakate boga na kuosha nyama kwa ndimu chini ya macho ya wakubwa, kwa maana maswali ambayo hawayaulizi mbele ya padre huyauliza hapo: kwa nini babu alikimbia nchi, kwa nini hatuendi kuwazika ndugu zetu, Mungu alikuwa wapi siku ya tetemeko. Nimesikia katekesi nzuri kuliko zote penye sufuria ya boga.

Lugha italeta mabishano, na ni afadhali yaamuliwe mapema. Wazee wengi wa Kihaiti walisomeshwa kwa Kifaransa na huona kuwa ndiyo lugha yenye heshima kanisani; vijana wao Kifaransa hawakijui kabisa. Sisi tulikubaliana kwamba masomo na nyimbo ziwe kwa Kikrioli, na majadiliano yawe kwa lugha yoyote ambayo msemaji anaimudu, mtu mwingine akitafsiri. Sharti moja halikuwa na msamaha: hakuna kumcheka mtu kwa lafudhi yake, iwe ya Port-au-Prince au ya Boston.

Ngoma nazo zina historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Kanisa nchini Haiti liliendesha kampeni kali dhidi ya Vodou, dini ya jadi ya Wahaiti yenye asili ya Afrika, na ngoma ziliteketezwa pamoja na vifaa vingine vya ibada hiyo; ni baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ndipo ngoma ikapata nafasi katika Misa. Bibi anayenyanyuka na kutoka nje inapopigwa huenda ana kumbukumbu ambazo kijana hana, na anastahili kueleweshwa kwa adabu, ikiwezekana na padre mwenyewe, badala ya kuachiwa kijana wa miaka kumi na saba amjibu.

Kuhusu matamasha yenye majukwaa makubwa na waimbaji wa kukodi, nitasema kwa ufupi kwamba hujaza ukumbi kwa siku moja. Fedha hizo ni heri zitumike kulipia safari. Vijana wetu walinufaika zaidi na ziara ya New York, katika kanisa kuu la Mtakatifu Patrick, ambako amelazwa Pierre Toussaint. Alizaliwa mtumwa katika koloni lililokuja kuwa Haiti, akapelekwa New York mwaka 1787, akawa msusi wa wanawake matajiri, na kwa mapato yake akawasaidia yatima na wakimbizi hadi kifo chake mwaka 1853. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II alitambua fadhila zake za kishujaa, hatua mojawapo ya kuelekea kutangazwa mtakatifu. Kijana anayefanya kazi ya kuwaogesha wazee katika nyumba za kulelea wagonjwa, huku akituma fedha kwao kila mwezi, hahitaji kuelezwa sana kwa nini mtu huyo anamhusu.

Sasa niseme jambo ambalo walezi wapya hulipuuza. Tangu mwaka 2002 maaskofu wa Marekani wamedai kwamba kila mtu mzima anayehudumia watoto achunguzwe kumbukumbu zake za jinai na apewe mafunzo ya ulinzi wa watoto. Utaratibu huo ni wa haki na usikwepwe, hata kwa mtu mnayemwamini. Lakini kwa aliyefika nchini karibuni, ambaye hati zake hazijakamilika, uchunguzi huo unaweza kuchukua muda mrefu, kwa hiyo anzeni mapema na mpeni kwa wakati huo kazi isiyomweka peke yake na watoto, kama vile jikoni au kwaya ya wakubwa.

Hati za ukaazi ni suala nyeti zaidi tangu mwaka 2025, serikali ilipotangaza kuwa itaondoa hifadhi ya muda, yaani ruhusa ya kukaa na kufanya kazi Marekani kwa muda, iliyotolewa kwa Wahaiti tangu 2010, na suala hilo likaishia mahakamani. Msiandike popote hali ya ukaazi ya kijana yeyote, wala msimwulize mbele ya wenzake. Daftari la mahudhurio liwe na jina analojiita na simu ya kumpata, basi. Mlezi asijifanye mwanasheria. Kazi yake ni kuwa na namba ya wakili anayeaminika, na mashirika ya Kikatoliki ya misaada katika majimbo mengi huwa na mawakili wa uhamiaji wa gharama nafuu.

Wapeni vijana fungu lao katika bajeti ya parokia na kiti chenye kura katika halmashauri ya walei. Hapo kwetu wazee walisita, wakihofia fedha zitapotea. Mweka hazina wa vijana, binti anayesomea uhasibu, aliwasilisha hesabu zilizopangika kuliko za kamati ya ujenzi, na mjadala ukaishia hapo.

Mwisho, jiandaeni kuwapoteza viongozi wenu walio bora. Vijana wa Kihaiti huhama kufuata kazi na kodi nafuu ya nyumba, kwenda Indianapolis, Florida, au miji midogo kama Springfield huko Ohio, ambako idadi yao iliongezeka upesi. Kila kiongozi awe na msaidizi anayejua kila anachokijua, pamoja na nywila za akaunti za kikundi. Na kijana anapoaga, mlezi ampigie simu paroko wa kule anakokwenda kabla hajafika, amweleze huyu anapiga ngoma, anajua Kihispania, na hafanyi kazi Jumapili jioni.