Macho ya Fundi na Namba ya Kioo

SWALI: Nina umri wa miaka 52, na kwa zaidi ya miaka 20 nimekuwa nikichomelea mageti kwa mashine ya umeme, mara nyingi kwa rodi za milimita 2.5 na ampea 80 hivi. Tangu mwaka jana, nikivaa kofia yenye kioo namba 11, siuoni vizuri mpaka wa vyuma viwili. Nimeanza kutumia miwani ya gesi ya namba 5, ambayo inanisaidia kidogo, ila usiku macho huuma kana kwamba yametiwa mchanga. Je, nitumie kioo cha namba gani? (Fundi wa mageti, Morogoro)

JIBU: Ndugu fundi, nakusihi uache miwani hiyo leo hii. Namba ya kioo huonyesha giza lake, namba kubwa ikiwa na giza zaidi, na namba 5 ni ya mwali wa gesi. Kwa rodi za umeme za ampea 60 hadi 160, kioo hakipaswi kushuka chini ya namba 8, na kinachopendekezwa ni namba 10. Mchanga unaousikia ni konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, iliyoungua kwa miale ya urujuanimno, na kwa kuwa maumivu yake huja saa kadhaa baada ya kazi, wengi hawayahusishi na kosa lenyewe.

Hata hivyo, kwa maelezo yako, sidhani kwamba giza la kioo ndilo kiini cha tatizo. Mtu akishapita miaka 40, lenzi ya jicho hukakamaa na kushindwa kuona sawasawa vitu vya karibu, nao mshono, yaani pale vyuma viwili vinapounganishwa, uko karibu. Mwanga mkali hubana mboni, na mboni iliyobanwa huona kwa ukali kidogo zaidi. Bila shaka ndiyo sababu miwani ile ilionekana kukufaa.

Unachohitaji ni lenzi ya kukuza inayopachikwa ndani ya kofia, nyuma ya kioo cheusi, ambayo huuzwa kwa nguvu kama za miwani ya kusomea, +1.00, +1.50 na kuendelea. Kabla ya kununua, zima mashine, kaa mkao wako wa kazi, kisha msaidizi wako apime kwa futi umbali kutoka jichoni hadi kwenye mshono, nawe umpelekee mpima macho kipimo hicho.

Badilisha pia kioo cheupe cha nje kilichojaa alama za cheche, na uelekeze taa kali kwenye mshono kutoka ubavuni, kwa maana mwanga unaotoka mgongoni huakisiwa ndani ya kofia. Baada ya hapo anza na namba 11, ushuke hadi 10, na ikibidi 9, ukikomea pale unapoona chuma kilichoyeyuka pamoja na kingo zake. Ukiona ukungu, au taa za usiku zikizungukwa na duara la mwanga, mwombe mpima macho huyo akuchunguze kama una mtoto wa jicho, ambaye hakuna namba ya kioo inayomwondoa.