Shaba Isiyotakiwa Kuachiliwa

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa maabara katika kiwanda kimoja cha shaba hapa Lubumbashi, ambako tunatumia molekuli za jamii ya oksimu kuivuta shaba kutoka katika maji ya asidi. Binti yangu, anayesomea udaktari, ameniambia kwamba wako wagonjwa wanaodungwa shaba yenye mionzi ili uvimbe wa saratani uonekane. Je, molekuli zinazoibeba ni ndugu za hizi zetu?
— Msomaji, Kampemba

JIBU: Ni ndugu, ila kazi zao zinapingana. Oksimu zenu huishika shaba na kutoa haidrojeni badala yake, kisha mkizitia asidi kali zaidi huiachia, na kiwanda chenu huishi kwa kule kuachia. Anayebuni molekuli ya hospitali hutaka shaba ikishikwa isitoke tena, ingawa mwili umejaa protini zinazoigombania. Ndiyo maana haulizi tu mshiko una nguvu kiasi gani, bali pia unachukua muda gani kulegea. Mambo hayo mawili hayaendi pamoja sikuzote, na wanafunzi wengi huyachanganya.

Shaba inayotumika ni shaba-64, aina ya shaba yenye mionzi ambayo nusu yake hugeuka kuwa elementi nyingine kila baada ya saa 12.7, na positroni (chembe ndogo zenye chaji chanya) inazotoa ndizo zinazoiwezesha mashine kuonyesha ilipo. Molekuli huwa na kichwa cha peptidi (kipande kifupi cha protini) kinachozitambua seli za uvimbe, na mkia unaoikumbatia metali. Mkia uliozoeleka ni DOTA, pete ya atomi 12 yenye nitrojeni 4 na mikono 4 ya kaboksili. Gadolini, ambayo ni metali kubwa, hukaa humo vizuri sana. Shaba, kwa udogo wake, haibanwi vya kutosha, na kiasi fulani huponyoka kikaishia kwenye ini. Hata hivyo, mwaka 2020 Marekani iliidhinisha dawa ya shaba-64 inayotumia DOTA hiyohiyo, kwa kuwa picha hupigwa mapema. Mimi ningechagua sarkofajini, kizimba cha nitrojeni 6 kinachoizunguka shaba pande zote na kuikamata upesi katika joto la kawaida.

Usidhani, lakini, kwamba shaba hiyo inaweza kutoka kwenu: ya Katanga, kama nyingine zote za ardhini, ni mchanganyiko wa shaba-63 na shaba-65, zisizo na mionzi, ilhali shaba-64 hutengenezwa katika saiklotroni, mashine ya kuongezea chembe kasi, kwa kuipiga nikeli-64 kwa protoni.