Kituo cha sayansi na hisabati: nawajibu mlioniuliza

Wiki iliyopita nilipendekeza hapa kwamba chuo kikuu kimojawapo cha Nyanda za Juu Kusini kianzishe kituo cha elimu ya sayansi na hisabati. Mmeniandikia wengi, wengine kwa ukali. Leo nawajibu sita.

Shikamoo mwalimu. Mkwawa ipo Iringa, MUST ipo Mbeya. Kituo cha nini tena? (Mama wa wanafunzi wawili, Mafinga)

Marahaba, mama. Mkwawa, chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, inaandaa walimu tangu 2005, na MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, inatoa wahandisi na mafundi. Sizibezi kazi hizo. Lakini mwalimu akishavua joho na kupangiwa Ludewa au Ileje, nani chuoni anajua anakwamia mada gani? Wanahisabati wako skuli moja, wataalamu wa ualimu wako skuli nyingine, na mwalimu wa darasani hayupo kabisa. Kituo kinawakalisha hao watatu meza moja. Katika miaka ya karibuni, anayefaulu hisabati kidato cha nne ni mtahiniwa mmoja kati ya wanne au watano. Hao wengine hawakuanza kufeli kidato cha nne. Walipotelea kwenye hesabu za sehemu na namba hasi, miaka mingi nyuma, na hakuna aliyerudi kuwatafuta.

Nafundisha fizikia na hisabati peke yangu shule nzima. Maabara ni chumba chenye meza tu. Kituo kitanifaa nini mimi? (Mwalimu, Makete)

Mwalimu mwenzangu, swali lako ndilo lililoninyima usingizi, kwa hiyo nivumilie.

Mama zetu wote wanajua kwamba maharage huku juu yanakawia kuiva kuliko pwani. Wengi husema ni kuni mbichi au ni baridi. Sababu yenyewe ni kwamba hewa huku ni nyepesi, kanieneo yake, yaani nguvu inayoyakandamiza maji, ni ndogo, hivyo maji yanachemka mapema kabla hayajapata joto la kutosha. Mbeya mjini, kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu nyuzi 94. Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, ni kama nyuzi 98. Uwanda wa Kitulo huko kwenu Makete, kwenye mita 2,600 hivi, ni kama 91.

Sasa fikiria kituo kinatuma kipimajoto kimoja kwa shule moja ya Kyela, moja ya Mbeya mjini, moja ya Makete. Siku moja, saa moja, watoto wote wanachemsha maji na kuandika namba. Wanatumiana kwa simu ya mwalimu. Wanachora grafu: kimo cha mahali upande mmoja, nyuzi upande mwingine. Nukta zinajipanga karibu kwenye mstari ulionyooka, zikishuka nyuzi moja kwa kila mita 300 hivi. Hapo umefundisha kanieneo, umefundisha mteremko wa mstari, na mtoto amerudi nyumbani na habari ya kumweleza bibi yake jikoni. Vifaa ni sufuria, moto na vipimajoto vitatu.

Au chukua lumbesa. Mkulima anajaza gunia la viazi kilo 130 na kulipwa bei ya kilo 100. Waulize kidato cha kwanza amepoteza asilimia ngapi ya mzigo wake. Karibu wote watasema 30. Jibu ni 23, kwa sababu 30 inagawanywa kwa 130, si kwa 100. Kosa hilo ni hazina: linakuonyesha mtoto anavyofikiri. Kazi ya kituo ni kukusanya makosa ya namna hiyo kutoka madarasa mengi, kuandaa masomo yanayoyatibu, kuyajaribu na wewe ukiwa darasani, kisha kuyasahihisha. Usiletewe kijitabu kilichoandikwa na mtu asiyewahi kusimama mbele ya watoto 70.

Mwanangu alikuwa wa kwanza hisabati darasa la saba. Kidato cha kwanza amepata alama 18. Amerogwa? (Baba, Uyole)

Hapana, baba. Mtoto wako anajua kigawe kidogo cha shirika vizuri sana, ila sasa amekisikia kwa jina la Kiingereza na kudhani ni mnyama mpya. Alifundishwa kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, na sekondari lugha ikageuka ghafla. Ningependa kituo kianze na kamusi ndogo ya istilahi za lugha zote mbili, ibandikwe ukutani kila darasa la kidato cha kwanza. Na mwalimu asione aibu kueleza kwa Kiswahili mpaka mtoto aelewe, ndipo ampe jina la mtihani.

Kata yetu iko tayari kutoa ardhi. Ekari ngapi zinatosha? (Diwani)

Ahsante, mheshimiwa, lakini ardhi isubiri. Naogopa jengo zuri lenye kufuli. Vyumba viwili ndani ya chuo, karakana ndogo ya kutengeneza vifaa, na gari linaloweza kupanda Makete wakati wa mvua vinatosha kuanzia. Vituo vya walimu vipo, na utaratibu wa MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, tayari unawakutanisha walimu shuleni kwao. Kituo kiende huko.

Tazama Wakenya: walianza 1998 kwa SMASSE, mradi wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi sekondari, wakisaidiwa na Japani, katika wilaya chache kwanza. Walifundisha wakufunzi, hao wakafundisha walimu wenzao. CEMASTEA, taasisi ya kuwanoa walimu wa hisabati na sayansi pale Nairobi, ilizaliwa kutokana na kazi hiyo.

Nani aidhinishe kituo? (Mhadhiri, Iringa)

Seneti na baraza la chuo, na kama kitatoa shahada, TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ithibitishe programu. Hilo wewe unalijua kuliko mimi. Kigumu ni kupanda cheo. Mhadhiri anahesabiwa makala alizochapisha. Wiki tatu alizokaa darasani Mbarali hazihesabiwi popote. Chuo kisipozitambua wiki hizo kwa maandishi, vijana wenu wazuri wataenda mara moja na hawatarudi.

Shikamoo. Tulipelekwa kuona Kimondo cha Mbozi. Wanasema kina tani 16. Walikipima kwa mizani gani? (Mwanafunzi wa kike, kidato cha pili, Vwawa)

Marahaba, binti yangu. Kimondo kile ni chuma kwa asilimia 90 hivi na nikeli karibu 9. Mita moja ya ujazo ya mchanganyiko huo ina uzito wa karibu tani 8. Kwa hiyo huhitaji mizani. Unahitaji kujua ujazo. Mkienda tena, bebeni futi kamba. Pimeni urefu, upana na kimo sehemu mbalimbali, maana umbo lake halijanyooka, kisha kadirieni wastani wa kila kipimo na kuzidisha wastani hizo tatu. Mkipata mita za ujazo 2, tani 16 zimetimia. Mkipata namba nyingine, niandikie mlivyopima, na uniambie mnadhani wapi mmekosea, au wapi wao wamekosea.